Picha ya "mji wa mbinguni": darubini kubwa zinaona nini kweli?



Miaka michache iliyopita picha moja ilizunguka katika simu za waamini wa mji wetu. Ilionyesha mji mweupe unaong'aa katikati ya nyota. Chini yake kuliandikwa kwamba darubini ya Wamarekani iitwayo Hubble imepiga picha mji wa Mungu, na kwamba wakubwa wa dunia wanaificha habari hiyo. Tuliipokea kutoka kwa ndugu tunayemheshimu, naye aliipokea kutoka kwa mwingine. Jumapili iliyofuata tukaisimulia mimbarani, na kanisa likajaa vigelegele.

Baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya anayesoma fizikia chuo kikuu alitungojea karibu na mlango. Akasema kwa sauti ya chini: "Pasta, munisamehe. Ile picha si ya kweli." Tulichukizwa. Watu walikuwa wamefurahi, na sasa mtoto tuliyemwona akikua alikuwa anatuambia kwamba tumewapa uongo. Hata hivyo tulimwomba aje nyumbani jioni atueleze. Alieleza mpaka chakula kikapoa. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa tukakiri kosa letu.

Hapo mama mmoja mzee akauliza: "Sasa Pasta, kama hawakuuona ule mji, ni kitu gani wanachokiona kule juu?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tumesoma tangu wakati huo, na makala hii ni jibu letu kwake na kwa kila mtu aliyepokea picha kama ile.

Kukinga mwanga kama kukinga mvua

Wengi hufikiri kazi ya darubini ni kukuza vitu tu. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga. Mvua ikinyesha, aliyeweka kikombe nje atapata maji kidogo, na aliyeweka beseni atapata mengi, ingawa mvua ni ile ile. Jicho la mwanadamu ni kikombe kidogo sana. Gizani mboni yake hufunguka kiasi cha milimita 7 tu. Kioo cha darubini chenye upana wa mita 8 hukusanya mwanga zaidi ya mara milioni moja kuliko jicho. Tena jicho haliwezi kuweka akiba, lakini kamera ya darubini inaweza kukusanya mwanga wa nyota moja kwa saa nyingi, mpaka kitu kilichokuwa hakionekani kabisa kijitokeze.

Habari za darubini zilianza kusikika Uholanzi mwaka 1608, kwa watengenezaji wa miwani. Mwaka uliofuata Galileo, mwalimu wa hesabu huko Italia, alijitengenezea yake, na mwezi wa kwanza wa mwaka 1610 aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Jupita. Lilikuwa jambo zito, maana watu walifundishwa kwamba kila kitu cha angani kinaizunguka dunia yetu.

Mwingine aliyeitengeneza darubini iwe bora ni Johannes Kepler. Sisi Waprotestanti tungefaa kumjua, kwa sababu alikuwa Mlutheri aliyesoma theolojia huko Tübingen, Ujerumani, akitazamia kuwa mchungaji. Badala ya mimbara alipewa kazi ya kufundisha hesabu. Mwaka 1611 alieleza namna ya kupanga lenzi mbili zilizotuna ili mtu aone sehemu kubwa zaidi ya mbingu. Picha inatokea kichwa chini, lakini kwa nyota hilo halina taabu.

Darubini za lenzi zina mpaka wake. Lenzi kubwa ni nzito, nayo hushikwa pembeni tu ili mwanga upite katikati, kwa hiyo uzito wake wenyewe huipinda. Kubwa kuliko zote zilizotumiwa kwa kazi ya nyota, ile ya Yerkes huko Marekani ya mwaka 1897, ina lenzi ya upana wa mita 1 na kidogo. Tangu hapo wataalamu walishika njia ya Isaac Newton, ambaye mwaka 1668 alitumia kioo kilichopinda kwa ndani badala ya lenzi. Kioo unaweza kukitegemeza kutoka nyuma. Tena si lazima kiwe kipande kimoja. Darubini mbili za Keck, kwenye mlima Mauna Kea huko Hawaii, zina kila moja kioo cha mita 10 kilichounganishwa kwa vipande 36, na kompyuta huvipanga vyote vifanye kazi kama kioo kimoja.

Kwa nini si Ruwenzori?

Kijana wetu alituuliza: ikiwa wanapenda milima mirefu, kwa nini hawajengi kwenye Ruwenzori yetu? Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Urefu unatosha, lakini kila mtu wa Beni au Mutwanga anajua jibu: siku nyingi mlima hauonekani kwa mawingu. Darubini inataka mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, mbingu isiyo na mawingu karibu mwaka mzima. Pili, hewa kavu na tulivu, maana hewa inayocheza ndiyo inayofanya nyota zimetemete, na nyota inayometameta hutoa picha iliyovurugika. Tatu, giza la kweli, mbali na taa za miji.

Mambo hayo yanapatikana sana katika jangwa la Atacama, nchini Chile. Hapo, kwenye mlima Paranal wenye mita 2,635, nchi kadhaa za Ulaya zilijenga pamoja darubini nne zenye vioo vya mita 8.2. Kila moja ilipewa jina kutoka lugha ya Wamapuche, wenyeji wa Chile: Jua, Mwezi, Msalaba wa Kusini na Zuhura. Karibu na hapo, kwenye mlima Armazones, inajengwa nyingine ambayo kioo chake kitakuwa na upana wa mita 39, kwa vipande 798. Juu zaidi, kwenye uwanda wa Chajnantor wenye urefu wa mita 5,000 hivi, kuna masahani 66 ya kituo cha ALMA. Haya hayapokei mwanga wa kuonekana kwa macho. Hupokea mawimbi yanayotoka katika mawingu baridi ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa.

Si kila mahali ujenzi umepokelewa kwa furaha. Mauna Kea ni mlima mtakatifu kwa wenyeji wa Hawaii. Mwaka 2015 na tena mwaka 2019 walifunga barabara kuzuia darubini nyingine kubwa isijengwe huko. Sisi tunaojua uchungu wa ardhi kuamuliwa na watu wa mbali tunaweza kuwaelewa. Hata kazi nzuri ya elimu inapaswa kuomba ruhusa kwa mwenye shamba.

Afrika nayo inaangalia

Tusidhani kazi hii ni ya wazungu peke yao. Huko Sutherland, katika nchi kavu ya Karoo ya Afrika Kusini, kuna darubini iitwayo SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005. Kioo chake kina vipande 91, na upana wake ni karibu mita 11 kwa mita 10. Ni mojawapo ya darubini kubwa za mwanga duniani.

Katika sehemu nyingine ya Karoo kuna MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018. Ni masahani 64, kama yale ya televisheni tunayoyaita paraboli, lakini kila moja lina upana wa mita 13.5. Yanasikiliza mawimbi ya redio yanayotoka angani. Mawimbi hayo ni dhaifu mno, hata simu ya mkononi iliyo karibu ni kelele kubwa kwake, kwa hiyo Afrika Kusini ilitunga sheria ya kulinda ukimya wa eneo hilo. Masahani hayo yametoa picha nzuri sana za katikati ya galaksi yetu, sehemu ambayo macho hayawezi kuiona kwa sababu ya vumbi. Sasa yanaongezwa mengine yafike 197, kama sehemu ya mradi wa mataifa mengi uitwao SKA, ambao upande wake wa pili unajengwa Australia. Nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo jirani zetu Zambia na Kenya, ni washirika wa mradi huo. Vijana wa kwetu wanaopenda hesabu na kompyuta wajue kwamba kazi kama hii ipo katika bara letu.

Kosa la Hubble

Turudi kwa darubini iliyosingiziwa katika ile picha. Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Inazunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 500 hivi, juu ya hewa, ambako nyota hazimetemeti. Kioo chake kina upana wa mita 2.4. Dunia nzima ilingoja picha zake. Zilipofika, zilikuwa na ukungu.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo kilisuguliwa vibaya. Pembeni kilipungua kwa kiasi cha elfu mbili za milimita, unene mdogo kuliko unywele mara nyingi. Chombo cha kupimia kilikuwa kimefungwa vibaya: lenzi yake moja ilikaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Wakasugua kioo kwa uangalifu mwingi wakifuata kipimo kibaya. La kuhuzunisha zaidi, vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha dalili ya kosa kabla ya kioo kutoka kiwandani. Havikusikilizwa, kwa sababu chombo kile kikuu kilihesabiwa kuwa bora kuliko vyote.

Tulipofika hapo katika masomo yetu tulimkumbuka kijana wetu pale mlangoni. Kipimo kidogo kilisema kweli, na kikubwa kilikuwa kimekosea.

Wenye Hubble walifanya nini? Mwezi wa sita mwaka ule ule walilitangaza kosa lao mbele ya dunia, wakachekwa na magazeti. Kisha wakapima kosa lenyewe kwa usahihi, wakatengeneza vioo vidogo vya kulirekebisha, kama mtu anavyovishwa miwani. Desemba 1993 wanaanga saba walipanda huko, na kwa kutoka nje ya chombo chao mara tano wakaifunga miwani hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1994 picha safi zilianza kutolewa.

Ni majira hayo hayo gazeti moja la udaku la Marekani lilipochapisha ile picha ya mji mweupe. Watu walikuwa wanazungumza habari za Hubble kila mahali, na gazeti likapata namna ya kuuza. Karatasi ile ilisafiri miaka mingi, ikaingia katika kompyuta, ikaingia katika simu, mwishoni ikaingia katika mimbara yetu.

Picha ya kweli ina mashahidi

Mtu wa kawaida atatofautishaje picha ya kweli na ya uongo? Tuchukue mfano wa picha ya shimo jeusi iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019. Shimo jeusi ni mahali ambapo uzito mwingi umebanwa sana, hata mwanga hauwezi kutoka. Lile lililopigwa picha liko katika galaksi iitwayo M87, na mwanga wake umesafiri miaka milioni 55 hivi mpaka kutufikia. Ilibidi vituo 7 vya sehemu mbalimbali za dunia, kuanzia Hispania hadi Hawaii na Chile, viangalie kwa wakati mmoja. Habari zilizokusanywa zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti, zikasafirishwa kwa ndege zikiwa ndani ya diski.

Kisha wakafanya jambo lililotugusa. Waligawanyika katika vikundi vinne, na kila kikundi kilitengeneza picha peke yake bila kuwaonyesha wengine, ili wasidanganyane kwa hamu ya kuona walichotaka kuona. Walipokutana, vikundi vyote vinne vilikuwa na pete ile ile ya mwanga. Hapo ndipo walipoanza kuamini.

Sisi watu wa Biblia tunajua kwamba neno huthibitishwa kwa mashahidi wawili au watatu. Ile picha ya mji haikuwa na shahidi hata mmoja. Haikutaja nani aliipiga, siku gani, wala kuelekea upande gani wa mbingu. Ilikuwa na neno moja tu, "sambaza", nasi tukatii.

Wanachokiona

Basi Mama, wanaona nini? Wanaona vitu vilivyoumbwa, vingi na vikubwa kupita tulivyodhani. Wanaona mawingu ya gesi ambamo nyota zinazaliwa, na nyota zilizozeeka zikipasuka. Wanaona galaksi, na kila galaksi kubwa ni kundi la nyota mamilioni elfu kwa maelfu.

Wanaona pia mambo ya kale. Mwanga ni mwepesi, kilomita 300,000 kwa sekunde moja, lakini njia ni ndefu. Mwanga wa jua unaotuangaza ulitoka huko dakika 8 zilizopita. Wa nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya jua ulitoka miaka 4 na zaidi iliyopita. Kutazama mbali ni kama kupokea barua iliyochelewa: unasoma hali ya mwandishi siku alipoandika, si hali yake ya leo.

Ndiyo sababu ilijengwa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, karibu mara nne ya umbali wa mwezi. Kioo chake cha mita 6.5 kina vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, na mwavuli wa ngozi tano nyembamba, mkubwa kama uwanja wa tenisi, huikinga na joto la jua. Inapokea miale ya joto ambayo macho hayaioni. Imeona galaksi ambazo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka miliari 13. Rangi nzuri za picha zake huwekwa na wataalamu, kila rangi ikisimama kwa aina fulani ya miale, kama vile ramani inavyopaka maziwa rangi ya buluu. Huo si udanganyifu, kwa sababu wanasema wazi wamefanya nini.

Tunajua kwamba hesabu hizi za miaka huwatikisa baadhi ya waamini. Hatutazificha. Kijana akizisikia kwanza chuoni, na kanisani akasikia tu kwamba wanaosema hivyo ni waongo, siku moja atajiuliza ni nani hasa aliyemdanganya. Afadhali azungumze na wachungaji wake kwa uhuru, hata pale ambapo wachungaji wenyewe bado wanatafuta.

Na mbingu yetu?

Mama yule alikuwa na swali la pili, ambalo alituuliza faraghani: "Kwa hiyo tumaini letu limepungua?" Hapana, Mama. Lilikuwepo kabla ya Galileo kuchonga lenzi yake ya kwanza, na wale waliotangulia walilishika bila picha yoyote. Darubini hupokea mwanga wa vitu vilivyoumbwa, na hiyo ndiyo kazi yake. Kumtafuta Muumba kati ya vitu hivyo kwa kioo ni kama kupasua ngoma ili kumpata mpigaji ndani yake. Tulikosea tulipodhani imani inahitaji kuegemezwa na picha ya udaku.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wenzetu na viongozi wa vijana mambo matatu. Picha ya ajabu ikikufikia, uliza nani aliipiga, lini, na nani mwingine aliithibitisha, kabla hujaipeleka mbele. Katika kila kanisa wako walimu na wanafunzi wa sayansi. Wapeni nafasi ya kusema bila woga. Na ukigundua ulihubiri lisilo kweli, rudi mahali pale pale ulipolisema ukalirekebishe. Aibu yake hupita upesi kuliko unavyoogopa.

Mwisho, tokeni nje. Sisi tulio karibu na ikweta tuna neema ambayo watu wa Ulaya hawana. Mwezi wa tano, saa tatu hivi usiku, mawingu yakifunguka, unaweza kuuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, katika mbingu moja. Mtu wa Paris hawezi kuuona Msalaba huo akiwa kwake. Usiku umeme ukikatika, kabla ya kulalamika, waite watoto uani muangalie juu pamoja. Kijana wetu hufanya hivyo sasa na watoto wa Shule ya Jumapili, na yule Mama hubeba kigoda chake akaketi pamoja nao.

Bwana awabariki.